Pasi Iliyokula Chujio

Nilipoolewa Karagwe, katika miaka ya themanini, mimi na mume wangu tuligawana baraza moja pale Omurushaka. Upande mmoja alikaa yeye na baiskeli zilizopinduliwa magurudumu juu, upande wa pili mimi na cherehani yangu. Wateja wake walikuja na matope, wangu na vitambaa vyeupe. Ugomvi wetu wa kwanza wa ndoa ulihusu grisi.

Pasi yangu ilikuwa ya mkaa. Kwa sare za shule na magauni ya pamba haikuwa na neno. Zilizonitesa ni suti za sufu, kwa maana sufu haipendi moto mkavu. Ukiikandamiza hivyo inang'aa kama kipara. Basi nilitandika kitambaa kibichi juu ya koti, nikapitisha pasi, mvuke ukatoka kidogo, kitambaa kikakauka, nikakilowesha tena. Na muda wote huo sikuona ninachokinyoosha. Mara nyingi nilifunua nikakuta nimetengeneza mkunjo mpya.

Siku moja dada yangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wageni Bukoba, alinishukia na basi akiwa na pasi ya umeme ya mvuke iliyoungua.

"Imekufa," akasema, "lakini shemeji hashindwi."

Mume wangu akacheka. "Hata ingekuwa hai, tungeichomeka wapi? Kwenye mgomba?"

Hata hivyo hakuitupa. Aliifungua skrubu moja baada ya nyingine, akanionyesha siri yake: maji yanadondoka taratibu kwenye kijumba kidogo juu ya chuma cha moto, yanageuka mvuke, na mvuke unatokea kwenye vitundu vya chini. Kazi ya umeme ni kupasha moto tu.

"Moto sisi tunao," akasema.

Aliking'oa kile kitako chenye vitundu akakifunga kwa bolti chini ya pasi yangu ya mkaa. Nyuma akaweka kikopo cha maji, akashusha kijibomba chembamba cha shaba upande wa kushoto, akakitia koki ndogo iliyotoka kwenye jiko bovu la mafuta. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, lakini nilijivunia.

Tukaijaribu kwenye kipande cha kitambaa. Nikafungua koki. Badala ya mvuke, pasi ikatema. Tefu! Maji ya kahawia yakatapakaa kila mahali.

"Moto hautoshi," mume wangu akasema, akapepea makaa hadi yakawa mekundu. Ikatema zaidi.

Wakati huo nilikuwa na suti ya bwana harusi mmoja, mkulima wa kahawa kutoka Kiruruma. Ilikuwa sufu ya buluu iliyokoza, na ukosi wake ulikataa kulala. Alikuja akanikuta nafuta maji ya kutu mezani, akaliangalia koti lake pale ukutani kama mtu anayemwangalia mtoto mgonjwa.

"Dada, Jumamosi nitavaa koti kweli?"

"Utavaa," nikamjibu, huku sijui kwa vipi.

Alipoondoka nilimwomba mume wangu afungue tena bolti. Nikakiweka kile kitako juu ya jiko, kikapata moto sawasawa, nikanyunyiza maji kwa vidole. Matone hayakuchemka. Yalijikusanya kama shanga, yakakimbizana huku na huku, kisha yakatumbukia kwenye vitundu yakiwa maji vilevile. Nikakumbuka kuwa jikoni ni hivyohivyo. Kwenye kikaango kisafi chenye moto mkali tone hucheza, lakini kwenye kikaango chenye ukoko linalia chwaa na kutoweka.

"Maji hayana pa kushika," nikamwambia. "Tuyapatie ukoko."

Tulianza na mchanga laini. Mvuke ulitoka, na mchanga nao ukatoka. Mume wangu akafikiri, akaingia ndani, akarudi na chujio la chai la mama yake, ambaye wiki ile alikuwa mgeni wetu.

"Usithubutu," nikasema.

"Nitamletea lingine."

Aliukata ule wavu wake, akaukunja mara mbili, akaulaza ndani ya kile kijumba, akafunga bolti. Nikatia makaa, nikasubiri, nikafungua koki. Pasi ikavuta pumzi, fyuuu, na wingu jeupe likatoka chini yake bila tone hata moja. Nikaliteremsha lile koti ukutani, nikaupitishia ukosi pasi. Harufu ya sufu iliyolowa ikajaa barazani, na ukosi ukalala wenyewe. Nikapiga kigelegele. Watu waliokuwa wakisubiri basi la Kyerwa wakaja kuona tumepata nini.

Mama mkwe naye akatoka, birika mkononi.

"Chujio langu liko wapi?"

Mume wangu akaonyesha pasi kwa kidole. "Limo humu, mama."

Akaiinamia, akautazama mvuke. "Kwa hiyo siku hizi chai mnapikia humu?"

Nikamwomba mtandio wake wa kanisani, nikaupitishia pasi mbele yake. Akaupapasa, akaunusa, akajifunga kichwani palepale.

"Haya waitu," akasema, neno la kwao la kumwita mtu kwa upendo. "Leo mtatafuna majani."

Tulikunywa tukitemea majani uani, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Jumamosi bwana harusi alitembea kifua mbele utadhani koti limemzaa. Miezi iliyofuata nilijifunza pia kwamba maji ya kisima yanaacha unga mweupe unaoziba wavu, nikawa nakinga ya mvua.

Kisha akaja fundi cherehani kutoka Bugomora na pasi mbovu ya mvuke, akaomba atengenezewe ya kwake. Mume wangu aliifanya kwa fahari, kopo na kijibomba mahali palepale. Yule fundi akaishika, akaanza kunyoosha, mara akaruka huku akipuliza kidole. Kumbe alikuwa wa mashoto, na kijibomba cha moto kilikuwa upande wa mkono wake. Tulicheka sote, yeye mwenyewe akiwamo. Mume wangu akachukua spana, akaifungua ile pasi upya.