Mti Uliomsubiri Dereva

Dobi hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa mtu wa kunyamaza na kukunja mikono, na mwisho wa yote unajikuta umefanya alichotaka. Mtaa mzima ulimwita Dobi, hata mama mkwe wake, maana kufua na kupiga pasi nguo za watu kulikuwa kumemkaa mwilini. Pua yake ilinusa kitambaa kinachotaka kuungua kabla hakijabadilika rangi.

Mwaka huo mumewe, dereva wa lori, alikwama safarini, sikukuu ikapita bila yeye. Mama mkwe, mwanamke wa maneno mengi na magoti mabovu, akala yamini: mti wa sikukuu uliosimama sebuleni, pembeni ya mlango, hauguswi mpaka mwanawe aukute unameremeta. Alishamwahidi kwenye simu. Taa za mti akaziwasha mchana kutwa, eti mwanawe asije akatokea ghafla akakuta giza.

Ulikuwa mti wa kweli, wa kukatwa. Mwanzoni ulikunywa maji ya ndoo vizuri, kisha ukagoma. Majani yakapukutika kila mtu alipopita. Mama mkwe aliyasukumia chini ya kochi kwa ufagio, akasema mti umechoka tu. Na kochi hilo ndilo alilolalia, kwa kuwa kitanda cha chumbani kilikuwa juu mno kwa magoti yake.

Alasiri moja Dobi alikuwa uani akinyoosha shati la mteja, pua ikamshtua. Akaitazama pasi: haina kosa. Akaingia ndani mbio. Taa moja ilikuwa imelalia tawi kavu, na majani yaliyoigusa yameshakuwa meusi. Hatua moja tu kutoka hapo, mama mkwe alikuwa anakoroma. Dobi akachomoa waya ukutani. Aliogopa sana, na woga ulipoisha akabaki na hasira.

Mama mkwe alipoamka hakutaka kusikia. Vijani viwili vitatu tu, alisema, kisha akauliza kama siku hizi Dobi anaona wivu hata na miti. Dobi alivunja kitawi, akamshika mama mkwe mkono mpaka uani, akafunua pasi yake ya mkaa, akakitia kitawi kwenye makaa. Kililipuka na kuisha kabla mama mkwe hajamaliza sentensi yake, naye si mtu wa kukatishwa sentensi.

"Mama," Dobi akasema, "mlango ni mmoja, na mti uko mlangoni. Hayo magoti yatakufikisha wapi?"

Mama mkwe akakunja uso, akarudi kwenye kochi, akawa anautupia mti jicho la pembeni. Dobi hakungoja ruhusa. Alichukua panga, akaukatakata mti, akabeba matawi mpaka jalalani. Nyaya za taa akazipitisha vidoleni kama anavyokagua mishono. Uliochunika akautupa. Uliokuwa mzima akaufunga kwenye nondo za dirisha, mapazia akayatoa kabisa, akatangaza kuwa taa zitawaka watu wakiwa macho, basi. Alijua mumewe akirudi lawama zote zitamwangukia yeye. Alishapiga moyo konde kuzibeba.

Dereva alirudi jioni moja, vumbi mpaka kwenye nyusi. Taa za dirishani alikuwa ameziona tangu barabarani, akaingia akicheka, kisha akaitazama ile kona tupu. Akauliza mti wake uko wapi. Dobi akafungua mdomo.

"Tumeukata," mama mkwe akamtangulia. "Ulitaka uukute mti, au utukute sisi?"

Kisha akamnyooshea Dobi mkono, amwinue kwenye kochi, akamkumbatie mwanawe.