Kadi Kutoka Mfuko wa Koti

Ipo siku moja ya mnada pale Shelui, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau barabara zote nilizopita, yenyewe haitanitoka. Ulikuwa mwezi wa tisa, ule upepo wa vumbi unavuma, na mimi nimekaa kwenye meza ya fundi saa, Mzee Shila, nimebana kioo chake cha kukuzia kwenye jicho, naangalia punje ya chumvi. Umewahi kuiangalia chumvi kwa kioo? Iangalie siku moja. Ina pembe kama boksi, utadhani kuna mtu alikaa akaichonga.

Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yangu. Shule niliiacha darasa la tano kule Mgori. Mwalimu hakunionea, na hesabu nilikuwa nazipata. Tatizo ni kwamba kila lori lililokuja kubeba mahindi nililiuliza linakwenda wapi, na jibu la mdomo halikunitosha. Nikapanda. Nikapakia alizeti Iguguno, nikachunga mbuzi wa watu, nikasaidia wachimba visima, mpaka nikafika Shelui nikiwa kijana wa ndevu za kwanza. Mzee Shila hakuniajiri. Alinizoea tu, kama mtu anavyomzoea paka aliyejileta mwenyewe. Nilimfagilia kibanda, yeye akaniazima kioo.

Sasa nikueleze habari ya kadi, maana vijana wa leo hamkuziona.

Mbele ya kibanda chetu wauza mitumba walikuwa wanapanga nguo zao. Belo la nguo likifunguliwa mbele ya watu, palikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuvunja: muuzaji haruhusiwi tena kupekua mifuko. Nguo inauzwa pamoja na mfuko wake, na kilichomo ni cha mnunuzi. Utaratibu huo ndio uliovuta watu. Walikuta tiketi za treni za nchi za watu, sarafu, funguo, peremende zilizoganda. Na kwenye makoti, hasa ya watoto, walikuta kadi ngumu zenye picha za wachezaji: wa mpira wa miguu, wa kikapu, wengine wameshika virungu hatujui wanacheza nini. Watoto wa kule huzikusanya na kubadilishana. Nilikuwa nawaza sana juu ya hao watoto. Huyu aliyesahau kadi yake mfukoni, aliitafuta? Alilia? Mama yake alijua ameigawa pamoja na koti?

Kwetu zilikuwa vitu vya kuchezea wajukuu, mpaka alipokuja Deo. Deo alikuwa mfanyabiashara wa Arusha, ana pikapu yake, anazunguka minada na masufuria, redio, majembe na plau za ng'ombe. Akatangaza kwamba kadi halisi zina wanunuzi Ulaya, na kwamba atampa mtu bidhaa kutoka kwenye pikapu kulingana na uzuri wa kadi. Hasa, alisema, anatafuta kadi ya mchezaji fulani wa kikapu, ya mwaka wake wa kwanza uwanjani, yenye nembo ya duara kwenye pembe. Mchezaji akishakuwa maarufu, ile kadi ya mwanzo, iliyotolewa kabla dunia haijamjua, ndiyo inayosakwa.

Basi Shelui iliingia wazimu. Jua linawaka, watu wananunua makoti ya theluji! Nilimwona mzee mmoja amevaa koti la mtoto wa kike, mikono imeishia kwenye viwiko, anachekelea. Na haukupita muda wakatokea wajanja. Pale Singida mjini kulikuwa na mtu mwenye mashine ya kutoa picha za rangi. Akachapa kadi, akazibandika kwenye karatasi ngumu, na wauza mitumba wachache wakaanza kuzitia mifukoni kabla ya kufunga upya mabelo, ili makoti yatoke haraka. Watu wakawa wanabeba feki kwa furaha, wanamngojea Deo.

Mimi, mwanangu, niliugua ugonjwa wa kutaka kujua. Deo alituachia kadi moja halisi iliyochanika, haina thamani. Nikaiweka pembeni ya zile feki nikazikagua zote kwa kioo cha Mzee Shila. Kwa macho matupu ni mapacha. Kwenye kioo ni dunia mbili. Ile halisi, picha yake imejengwa kwa vidoti vya rangi vilivyokaa kwa mpangilio, kama mtu aliyepanda mtama kwa kamba. Feki ina vidoti vilivyomwagika ovyo. Lakini siri yenyewe iko kwenye maandishi. Kwenye halisi, herufi nyeusi ni nyeusi moja kwa moja, kingo zake zimenyooka. Kwenye feki, hata herufi zimetengenezwa kwa vidoti, kwa sababu aliyeiiga alipiga picha ya kadi nzima, maandishi na vyote.

Nikajua na mengine. Halisi ukiikunja kidogo inarudi mahali pake, feki inabaki imepinda. Ukipitisha kidole chenye mate, feki inakuachia rangi. Kitu kilichonidanganya muda mrefu ni uchakavu. Nilidhani kadi iliyozeeka lazima iwe halisi, mpaka nikakuta moja inanuka majani ya chai. Walikuwa wameichovya ili izeeke!

Watu wakaanza kuniita Daktari wa Kadi. Walikuja na kadi zao, nikawatazamia, sikumdai mtu kitu. Nilifurahia kuangalia tu.

Siku hiyo ninayokuambia, akaja Mama Kiula. Alikuwa mama mtu mzima wa kijiji cha jirani, mume wake amepooza upande mmoja, na shida yake kila mtu aliijua. Alikuwa na maksai wake wawili wazuri, lakini plau hana. Kila msimu aliazima ya shemeji yake, na shemeji analima kwanza kwake, kisha kwa wanawe, ndipo plau ifike kwa Mama Kiula mvua zikiwa zimeshaenda. Mvua zetu unazijua, chache na zina haraka. Miaka miwili mfululizo mtama wake ulikuwa umekaukia kwenye maua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekimbia shule ukaja kusoma mifuko ya makoti?"

"Ndiye mimi, mama."

"Haya, nisomee na hii." Akafungua pindo la kanga. "Nilimnunulia mzee koti, nikakuta hii. Wananiambia ni hizo feki za mjini. Kama haina maana, nipe hicho kiredio kibovu hapo mezani wajukuu wakichezee, nawe baki nayo."

Nikaiweka chini ya kioo. Vidoti vimepangwa. Herufi nyeusi tii. Ukingo safi. Mchezaji wa kikapu, kijana mwembamba, na pembeni nembo ya duara. Ndiyo ileile aliyokuwa anaisaka Deo.

Nikaigeuza kadi, nikaigeuza tena. Kile kiredio kilikuwa changu. Mama mwenyewe ndiye aliyetaja bei, mimi sikusema neno. Na nilijua nikiipeleka kwa Deo nitamwomba kitu kimoja tu, anichukue Arusha nikaone hayo maboksi ya kadi aliyotusimulia.

Mzee Shila alikuwa ameinamia saa ya mtu. Hakuinua kichwa.

"Mama Kiula, hiyo kadi umemletea aikague, au umemletea ainunue?"

"Aikague. Nani mwingine anajua?"

"Basi na ajibu kwanza alichoulizwa."

Nikamnong'oneza, "Lakini baba, mwenyewe ndiye anayetaka kiredio. Na hata yeye alichukua koti, aliyemuuzia hakujua kilichomo. Mbona huyo hatumlaumu?"

Hapo akaweka bisibisi chini.

"Aliyemuuzia koti alikuwa hajui, na yeye alikuwa hajui. Wamekutana sokoni wote sawa, bahati ikaangukia upande mmoja. Sina neno. Sasa wewe. Umewahi kumwona Mzee Msengi kule kwenye ng'ombe?"

Nilimwona kila mnada. Mzee Msengi alikuwa na mkono wa ajabu. Akimpapasa ng'ombe ubavuni anakuambia kama ana ndama tumboni, hata kama mwenyewe anamuuza kwa kudhani ni tasa.

"Umewahi kumwona akinunua ng'ombe aliyeitwa kumpapasa?"

Nikafikiri. Sikuwahi. Alinunua ng'ombe wengine wengi, tena kwa jicho kali, akimkuta mtu anauza chini ya bei ananunua na anaondoka kimya. Lakini yule aliyeitwa kumshika tumbo, hapana.

"Akimnunua huyo, siku hiyohiyo wanamfukuza mnadani," akasema Mzee Shila. "Maana pale anapapasa kwa niaba ya mwenye ng'ombe, mkono ule ni wa mwenye ng'ombe. Huwezi kushika kwa mkono wa mtu halafu ukamlipa kwa mkono wako. Wewe leo macho yako ni ya huyu mama. Chagua, uwe mkaguzi au mnunuzi. Ungetaka kununua, ungesema kabla hujaishika: mama, mimi mwenyewe nazinunua, tafuta mwingine wa kukuangalizia."

Mama Kiula alikuwa anatutazama kwa zamu. "Mnanong'ona nini nyie? Ina sumu?"

Nikamwambia yote. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka ghafla, akauliza kwa sauti ndogo, "Na plau inaweza kutoka humo?"

"Sijui, mama. Tumngojee Deo."

Deo alifika jua likiwa kichwani. Aliishika kadi, na mimi niliyemtazama kwa karibu niliona kidole gumba kikirudi mara mbili juu ya ile nembo. Lakini uso haukubadilika. "Hii feki," akasema kwa sauti, watu wasikie. "Ila mama, kwa kuwa umetoka mbali, chukua sufuria." Kisha akanivuta nyuma ya pikapu.

"Daktari, usiniharibie. Wewe kaa kimya tu. Jumatatu unapanda hapa mbele, tunakwenda wote Arusha. Nina boksi zima, utaangalia mpaka uchoke. Nakufundisha kazi."

Mwanangu, hakujua ameshika mshipa gani. Angeniahidi shamba ningemcheka. Aliniahidi kuona! Nilisimama pale nikijiambia kwamba sitasema uongo, nitanyamaza tu, na kunyamaza si kusema.

Tukarudi. Mama Kiula alikuwa ameshaishika sufuria, anaipigapiga chini kusikia mlio wake. Hakumuuliza Deo. Aliniuliza mimi, "Eti mwanangu, ni feki?"

Amekuuliza mtu, na kimya chako ndicho jibu analotembea nalo mpaka nyumbani. Nikachukua kioo mezani.

"Njooni muone," nikasema. "Hii hapa feki ya mjini, angalieni herufi zake. Sasa angalieni za mama."

Wakapanga foleni, wauza mitumba, wapiga debe, wachoma nyama na mikono yao ya mafuta. "Kweli bwana, hii ina vidoti!" "Hii nyeusi tupu!" Mmoja aliyekuwa amenunua makoti kwa pupa akatoa kadi zake zote mfukoni, akaziangalia moja moja, akakaa chini. Watu wakamcheka, naye mwishowe akajicheka.

Deo alinitazama kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe. "Kumbe shule ungeimaliza tu ukawa hakimu," akaniambia. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Kadi aliitaka. Akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, akashusha plau mpya, rangi yake nyekundu haijaguswa na udongo.

Mama Kiula akasema, "Na minyororo yake."

Akashusha na minyororo. Na sufuria mama hakuirudisha.

Arusha sikwenda, Deo hakuniangalia tena usoni. Lile boksi sikuliona, na nakuambia ukweli, mpaka leo nalitamani. Lakini mvua za kwanza zilipoanguka, nilipita kijijini kwa Mama Kiula nikiwa juu ya lori la chumvi. Shamba lake lilikuwa limeshalimwa, jeusi, lenye unyevu, mifereji imenyooka. Na kwenye shamba la jirani, shemeji yake alikuwa bado anawatafuta ng'ombe wake, hajalima hata mfereji mmoja.

Sasa nikuambie ninalotaka ulibebe. Leo kila kitu mnakinunua kwenye simu, viatu orijino, jezi orijino, na picha zote zinang'aa. Usiamini ukale wala ung'avu, usiamini maneno ya anayeuza. Tafuta kitu kimoja halisi, hata kama kimechanika, ukijue mpaka ndani, halafu vingine vyote vipime kwa hicho. Na usione haya kuuliza wala kuazima kioo cha mtu.

Ukikuta kitu kizuri kwa bei ndogo, mwenyewe amekianika na bei ameipanga, nunua, ufurahie. Jicho lako ndilo lililokipata. Lakini mtu akija kwako akakuuliza, hiki ni nini, ujue hapo umekoma kuwa mnunuzi. Mjibu kwanza alichouliza, chote, bila kubakiza. Akishajua kama unavyojua wewe, na bado akataka kukuuzia, hapo mpatane.

Mungu akupe macho yanayoona mbali, na watu wasioogopa kukuuliza. Barabara zako ziwe nyingi kuliko zangu, na kila unapolala usiku, usingizi ukukute huna unalomficha mtu. Nenda salama, mwanangu.