Jezi Iliyochuja Mgongoni

Saa nne asubuhi maji ya beseni yanaanza kuwa mekundu mbele ya Mama Povu, mfuaji wa klabu.

Anaichomoa jezi kwa mikono miwili, kama anayemwopoa mtoto kisimani. Ni nyeupe, yenye namba nane nyekundu mgongoni. Chini ya namba hiyo lipo doa la waridi ambalo alitumwa kulitoa. Sasa doa linatembea.

"Mola wangu, nimemuua mtu," ananong'ona.

Mtu mwenyewe yu hai. Ni Sindano, kiungo ambaye mashabiki wa timu hii hadi leo wanaapa kwa mguu wake wa kushoto. Jioni hii jezi aliyoivaa fainali itatundikwa ukumbini ndani ya kabati la kioo. Hakuna nyingine. Mkewe ameileta asubuhi hii, imekunjwa ndani ya foronya kama kitoto kichanga.

Amri ilitoka kwa katibu wa klabu. "Mama, hilo doa lisionekane. Hatuwezi kumfunulia mgeni rasmi uchafu."

Mama Povu hakubisha. Amefua jezi za timu hii kwa mkono tangu ujana wake, katika chumba hiki hiki nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, chenye sinki za saruji na kamba zilizolegea. Mumewe alipofariki, beseni ndilo lililosomesha watoto. Juzi akasikia klabu inanunua mashine ya kufulia. Tangu hapo anasugua kama mtu mwenye kesi.

"Jezi chafu haijawahi kutoka mlangoni kwangu," anaiambia jezi. "Nikajiambia, nikiitoa hii ikiwa nyeupe pee, nani atapata mdomo wa kunifukuza?"

Anaingiza sinia katikati ya jezi ili rangi isivuke kifuani, kisha anampigia simu mke wa Sindano. "Wifi, njoo na mwenye jezi. Usiniulize kitu."

Sindano anaingia kwa mkongojo, mkewe akibaki mlangoni. Nyuma yake yuko katibu, aliyenusa kwamba mambo si mambo.

"Kaka, nisamehe," anasema Mama Povu. "Jezi yako inachuja."

Mzee anaitazama. Mabega yanaanza kumtikisika. Katibu anadhani analia, anamsogezea kiti. Kumbe anacheka, mpaka anashika ukingo wa sinki.

"Dada yangu, hayo maneno nilishaimbiwa na uwanja mzima!"

Asubuhi ya fainali namba yake ilikuwa imebanduka. Mama yake akakata nyingine kutoka kwenye pazia jekundu, akaishona kwa mkono. Pazia lile halikuwahi kuonja mvua. Kipindi cha pili mvua ikamwagika, wekundu ukamtiririka mgongoni, na mashabiki wa upande wa pili wakapata wimbo: "Sindano amechuja! Amechuja!"

"Kwa mchezaji hilo ni neno la kuzikwa," anasema. "Ukiambiwa umechuja, ujue miguu yako wameshaisomea dua. Sasa beki aliyekuwa ananikaba akaona mgongo mwekundu, akadhani ni damu. Akasita kunigusa. Hatua moja tu, dada. Nikapita hapo hapo."

Likawa goli pekee la mchezo. Anamgeukia katibu. "Hilo unaloliita doa, mwanangu, ndilo goli lenyewe."

"Lakini mzee, mgeni rasmi ataona doa. Goli hataliona."

"Basi asimuliwe. Hana masikio?"

Doa haliwasubiri. Limeteremka karibu na pindo. Mikono ya Mama Povu inataka kukamua, maana kufua ni kukamua, na mazoea ya mkono hayana breki. Akikamua leo, namba na weupe vitakuwa uji mmoja. Anajizuia. Anabandika taulo kavu, anabonyeza, anabandua. Sindano ameshika kola. Katibu, mwenye suti yake, anapepea kwa faili kama mchoma mahindi.

"Pepea kwa nguvu, baba, hiyo si hotuba!" anafoka Mama Povu, na katibu anapepea.

Taulo linatoka jekundu, linatoka la waridi, mwishowe linatoka jeupe. Doa limesimama vidole viwili juu ya pindo.

"Alhamdulillahi," anasema Mama Povu, na kukaa sakafuni.

Jioni ukumbini, kitambaa kilichofunika kabati kinafunuliwa. Mgeni rasmi anainama, anakunja uso. Katibu anafungua mdomo asimulie. Ndipo sauti ya kizee, ya shabiki wa wapinzani wa siku ile, inapasuka kutoka viti vya nyuma: "Amechuja!"

Ukumbi unalipuka. Wazee wanaimba tusi lile kwa machozi, Sindano akiwa wa kwanza, mkongojo juu.

Kuhusu mashine, katibu hajatamka neno. Mama Povu hakungoja; amemwomba afundishwe kuiendesha. "Nataka nibonyeze hivyo vitufe mpaka mjukuu wangu wa mwisho amalize shule. Mungu akipenda, nitaviweza."

Ana ombi jingine pia. "Ufunguo wa kile kioo wasinipe kamwe. Nikipita pale nikaliona lile doa, mikono inaniwasha."