Meza ya Mheshimiwa

Siku ile siisahau mpaka nizikwe, mwanangu: siku mzee aliyekuja kunipa mke alipokwama mlangoni kwangu kwa sababu ya meza. Nakusimulia maana jana umenionyesha kwenye simu meza ya kioo unayotaka kuitia katika chumba chako kimoja. Hebu kaa kwanza.

Nilikuwa fundi redio, nimepanga chumba kimoja hapa hapa Kikuyu, Dodoma. Wateja waliniita "dogo", nami iliniuma sana. Nikasikia kuna ofisi inauza samani zake za zamani. Mbio nikaenda, nikarudi na meza ya mkurugenzi, droo sita! Mlangoni haikupita, tukang'oa dirisha na fremu yake. Ilipokaa, ikaziba dirisha lenyewe, mlango ukawa unafunguka nusu, na kitanda kikakosa pa kukaa, nikakitoa uani. Nikawa nalala juu ya meza, na mchana kweupe nawasha taa nione nyaya. Na hapo najiona bonge la mtu!

Sasa, nilikuwa nimemposa Zaituni. Mjomba wake aliyemlea, Mzee Jumanne, akapanda basi kutoka Kondoa aje aone binti ataishi wapi. Bila ridhaa yake hakuna ndoa. Nami, mjinga wa wajinga, badala ya kumpokea kituoni nilikaa nyuma ya meza, kalamu sikioni, ili anikute kazini.

Mzee alikuwa na mwili. Akaingiza bega, akaingiza nusu ya tumbo, basi. Mbele hapiti, nyuma harudi. Ili nimfikie ilinibidi nipande mezani nitambae.

"Shikamoo baba," nikasema, nimepiga magoti juu ya meza.

Alinitazama, akatazama zile droo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Mzee mzima kuniamkia mimi! Wallahi nilitamani ardhi ipasuke.

"Na Zaituni wangu," akauliza, "atalala droo ya ngapi?"

Wapangaji wenzangu walimvuta kwa nje huku wakicheka mpaka machozi. Mimi ya kwangu yalikuwa machozi kweli, maana nilimpenda yule binti na nilijua nimemkosa. Nikatandika mkeka uani, nikamwomba radhi. Akanywa chai yake taratibu.

"Nitarudi baada ya Ijumaa mbili," akasema. "Nikute nyumba. Ofisi nazijua, nimesota sana kwenye mabenchi yake."

Nikaazima msumeno siku ile ile. Ikatoka meza ndogo ya redio, nikaiweka dirishani penye mwanga, na mbao zilizobaki zikapanua kitanda changu kikatosha wawili.

Kwa hiyo mwanangu, kabla hujanunua, fungua mlango wako mpaka mwisho, tandika mkeka mnaokulia na wenzako, kisha uone nafasi gani imebaki. Hiyo ndiyo ya meza. Vuta kiti ukae, magoti yaingie, viwiko vipumzike. Kompyuta yako ndogo haihitaji uwanja, na kioo hicho, kwa vumbi letu hili la Dodoma, utakifuta mpaka uzeeke. Nunua meza ya kazi unayoifanya, ya cheo unachokitamani iache huko huko.

Mungu akupe meza ya kukutosha, na mlango wa kupitisha wakwe, wembamba kwa wanene. Nami aninusuru na Zaituni: mpaka leo, nikijikweza kidogo tu humu ndani, huinamisha kichwa akaniamkia, "Shikamoo, mheshimiwa."