Pumzi za Mama Nilizozifuta

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka naona haya, hata nikiwa peke yangu. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba Nyakato, nacho nikakiita studio. Ukutani magodoro, dirishani blanketi, na kompyuta iliyokuwa inapiga kelele kuliko wasanii wenyewe. Ungenisikia ninavyojigamba, ungedhani sauti nimeigundua mimi.

Mama akaja kutoka Bujora kunitembelea. Yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo wakati wa kulima, wenzake wanaitikia. Nikamwomba aimbe nimrekodi. Akaketi kwenye kigoda, akavua kandambili, akaimba huku anagonga sakafu kwa kisigino, maana wimbo wa jembe hauendi hivihivi. Kila akimaliza ubeti alivuta pumzi kwa nguvu, akataja majina ya wanawake aliolima nao, kina Kabula, wengine walishakufa, akacheka kidogo, akaendelea. Maiki moja, mara moja, basi.

Alipokwenda kupumzika, mimi nikaanza ujuaji wangu. Kisigino nikakifunika kwa ngoma za kompyuta. Pumzi nikazikata moja moja, majina nikayaondoa, kicheko nacho nikakitupa. Nilipomaliza, kompyuta ilikuwa imejaa, nikafuta ile rekodi ya kwanza bila wasiwasi wowote. Nilijiambia hakuna atakayeitaka.

Jioni nikamsikilizisha. Akainamisha kichwa mpaka wimbo ukaisha, kisha akaniuliza, "Baba, huyu anaimba vizuri. Mbona hapumui?"

Nikacheka. Nikamwambia ndiyo muziki wa kisasa huo.

"Haya. Na kina Kabula umewapeleka wapi?"

Nikasema walikuwa wanaharibu wimbo. Akaomba maji ya kunywa.

Hakuniimbia tena. Siku tuliyomzika, ndugu wakaomba wasikie sauti yake, nikawawashia. Mama mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa, akasikiliza kidogo tu, akasema taratibu, "Zima, mwanangu. Huyo si dada yangu." Nikazima. Niliumia, na nakwambia ukweli, bado naumia. Wajukuu zake wananiuliza bibi yao alikuwa anaimbaje, sina cha kuwapa.

Sasa wewe unarekodi chumbani kwako huko Nyegezi, na vifaa ambavyo mimi sikuviota. Nisikilize. Ukimrekodi mtu, mwache akae anavyokaa. Weka maiki, nyamaza. Akikohoa, akohoe. Kuku akilia uani, alie. Hizo pambapamba zenu zifanye kwenye nakala, ile ya kwanza usiiguse hata ukiambiwa nafasi imekwisha, futa kingine. Na kama mama yako anaimba, usisubiri studio ikamilike, nenda Jumamosi hii na simu yako.

Mungu akutunzie mama yako, mwanangu, na akupe masikio ya kumsikia. Mimi alinipa vyote viwili, nikavichezea. Wewe akujalie usivichezee.