Mshenga alitaja kazi zangu zote, posa ikakwama Ujiji

Wakuu, salaam kwenu. Kisa hiki ni changu mwenyewe, na mke wangu amekaa pembeni anasoma ninavyoandika, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya siwezi.

Kwetu ni Kondoa. Nilisoma mechanical, yaani uhandisi wa mitambo.

Nilianzia kiwanda cha sukari, kwenye boila za mvuke. Nikahamia kiwanda cha soda, kwenye mitambo ya kujaza chupa. Kisha kazi ikanileta Kigoma, kwenye pampu zinazovuta maji ya ziwa kuyapeleka mjini.

Kwangu mimi hiyo ni kazi moja. Mvuke, soda, maji, vyote vinasukumwa, na mimi nahakikisha vinafika. Niliosoma nao, mmoja yuko kwenye injini za meli, mwingine anahudumia mashine za oksijeni hospitali. Wote mechanical.

Basi nikampenda Zuhura, binti wa Ujiji. Nilipenda hasa, wakuu. Nakaa Rusimbi, lakini kila nikitoka kazini najikuta Ujiji.

Posa hujipelekei mwenyewe. Nikamtuma mzee Sudi, jirani yangu, nikiwa nimemweleza kazi zangu vizuri ili anisifie.

Na kweli alinisifia. Akataja sukari, soda na maji, kwa mbwembwe zote.

Baba yake Zuhura, mfanyabiashara wa dagaa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee mwenzangu, huyo hana kazi. Leo sukari, kesho soda, keshokutwa maji. Mtu asiyetulia na kazi atatulia na mwanangu?"

 Mzee Sudi akaanza kutafuta viatu vyake. Zuhura alikuwa chumbani analia.

Ndipo sauti ya mama yake ikatoka nyuma ya pazia.

"Baba Zuhura, ulipokuja kuniposa kwetu Kidahwe ulikuwa unauza chumvi ya Uvinza. Ukaiacha, ukauza mawese. Leo dagaa. Mimi mbona hujaniacha?"

 Baba yake Zuhura akacheka mpaka akajifuta macho.

"Haya, mwambie kijana alete watu wake."

Tukaoana, na siku hizi huyo baba mkwe ananipenda kupita kiasi. Ananiletea feni, cherehani, hata redio nimtengenezee. Nimemwambia redio si fani yangu, wala hasikii.

Sasa nimepata kazi kiwanda cha saruji, mbali na hapa. Jana nilienda kumuaga.

Akaniuliza swali moja tu: "Na mwanangu?"

"Naenda naye, baba."

"Basi umebadilisha bidhaa tu. Nendeni salama."

Mama mkwe akatufungia dagaa na dumu la mawese. Nilitoka pale machozi yakinilenga.

Nilichojifunza: mshenga mpe kazi yako kwa sentensi moja. Na mke ukimpata, mwangalie mama yake, maana huyo ndiye wakili wako.

Wenzangu wa mechanical, ukweni mlijielezaje? Semeni, Zuhura anasubiri kucheka.