Komanda wa Mchezo wa Amani

Mtoto wangu alipiga saluti mbele ya mwenye bunduki, na aliipiga vizuri. Visigino pamoja, kidevu juu, vidole vimenyooka kwenye nyusi. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika.

Tulikuwa tunatoka sokoni, pale Masisi. Mdogo wake alikuwa mgongoni mwangu, na kichwani nilibeba beseni la maharagwe yaliyokosa mnunuzi. Kwenye bariyeri, pale wenye bunduki wanapofunga kamba kukata barabara, pikipiki zilikuwa zimesimama kwa mstari, na sisi wa miguu tunapita pembeni tukiinamisha macho. Watoto watatu wa darasa lake walikuwa ng'ambo na madumu ya maji. Walipomwona wakaanza kuita, kama wanavyoita kila siku.

"Komanda! Komanda, tufungulie bariyeri!"

"Komanda, usituue, tuko na njaa tu!"

Mwenye bunduki aliyekaa kwenye jiwe akageuka. Alikuwa kijana, buti za mpira miguuni, muhindi wa kuchoma mkononi.

"Komanda njo nani hapa?"

Watoto wakamwonyesha kwa vidole. Walikuwa wanacheka, kwao ilikuwa mchezo.

"Kuya hapa, Komanda. Piga saluti."

Akapiga. Ana miaka tisa. Yule kijana aliacha kutafuna. Akamwambia mwenzake, "Angalia uyu. Huyu alifundishwa." Kisha akanitazama mimi. "Mama, uyu mutoto alikuwaga na ba nani?"

"Alikuwaga na mimi. Iko mu darasa ya tatu. Ile kitu wanamufundisha ku masomo."

"Masomo gani wanafundisha saluti?"

"Masomo ya amani."

Akacheka. Na watu wa pikipiki wote wakacheka, kwa sababu kwenye bariyeri unacheka pale mwenye bunduki anapocheka. Akamshika mtoto wangu mkono, juu, karibu na bega, akaubonyeza kama mtu anayetaka kununua mbuzi. "Bado kidogo," akasema. "Mwaka kesho ataweza kubeba sanduku ya risasi." Akamwachia. Tukapita.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda shuleni na maharagwe yangu kichwani.

Sisi ni watu wa Pinga, upande wa Walikale. Kwetu ni msitu, mihogo, ndizi, na pikipiki inayokuletea chumvi siku ambayo njia imekubali. Nilisoma sekondari huko, sehemu ya ualimu, nikapata diplome, na kabla sijapata darasa la kufundisha nikapata mtoto. Baba yao yuko kwenye machimbo, na simu yake inapatikana inapotaka yenyewe. Vita vilipofika kwetu nilichukua watoto wawili na sufuria. Tukafika huku kwenye milima ya ng'ombe na jibini, ambako mtu akisikia unatoka Walikale anakuuliza kama unakulaga nyani. Wengine wanauliza kwa utani, wengine wanangojea jibu. Mama mmoja wa kanisa alituruhusu tulale jikoni kwake. Yeye hakuuliza kitu.

Shule ya watoto waliokimbia ni mahema ya plastiki nyuma ya shule yenyewe. Mvua ikinyesha mwalimu anaandika tu ubaoni, maana hasikiki. Lakini ni shule, na mimi nilishukuru. Mwalimu wa mwanangu ni mwanamke wa hapa hapa Masisi, ana watoto wake, anakuja kila asubuhi hata miezi ambayo hakuna kitu kinachomfikia mkononi. Silifichi hilo.

Mwaka huu alitumwa kwenye mafunzo, akarudi na kitabu kidogo. Kilitungwa na walimu wa nchi nyingi, alituambia, walimu wa dunia nzima waliokaa pamoja kufikiri jinsi ya kuwafundisha watoto wa vita amani na haki zao. Sikuona ubaya. Mtoto wangu alirudi nyumbani anaimba, "Mutoto ana haki ya jina. Mutoto ana haki ya kulindwa." Alimfundisha mdogo wake, ambaye hata "mama" hajaisema vizuri. Nilipika nikiwasikiliza, na nilipenda.

Ndani ya kitabu kulikuwa na mchezo wa kuigiza. Kuna kijiji, watu wanalima. Anatokea komanda na bunduki, anachukua mbuzi, anafukuza watu. Watoto wa kijiji wanashikana mikono, wanamzunguka, wanamwambia maneno mazuri. Komanda anaweka bunduki chini na wote wanaimba. Mchezo umeisha.

Komanda alikuwa mtoto wangu.

Fundi wa mbao alitengeneza bunduki. Walitwanga makaa ya betri za zamani, wakachanganya na majani, wakaipaka mpaka ikang'aa. Huo ndio weusi tunaopakaga ubao wa darasa. Ubao wa darasa lake umechubuka kama goti la mtoto, chaki haishiki. Weusi wote uliisha kwenye bunduki.

Wageni walipokuja kuona mchezo, nilisimama nyuma pamoja na wazazi wengine. Walikuwa walimu wawili kutoka mbali sana, wamevaa makoti ya mvua siku ya jua. Mtoto wangu alitoka nyuma ya hema na hakuwa mtoto wangu. Alitembea kama wale tuliowakimbia. Alisimama mbele ya msichana mdogo aliyebeba kikapu, akakitazama kikapu kabla ya kumtazama uso. Hilo hakuna mwalimu aliyemfundisha. Hilo alikuja nalo. Mgeni mmoja akalia. Mwingine akapiga picha. Mama mmoja karibu yangu akamwambia mwenzake, "Batu ba musitu, iko mu damu," na hakushusha sauti.

Baada ya mchezo mgeni akamuuliza, kupitia mkalimani, anataka kuwa nani akiwa mkubwa. Mkuu wa shule akajibu kwa niaba yake: "Mwalimu." Wageni wakapiga makofi.

Kuanzia hapo jina lake likafa. Bombani, Komanda. Kanisani, Komanda. Mchezaji mpira akikosa goli, ni Komanda aliyemtisha. Mwalimu mwenyewe, akisahau: "Komanda, futa ubao." Aliacha kwenda kuchota maji, nikaenda mimi. Akaanza kusema tumbo linauma, kila asubuhi ya shule, Jumapili halimuumi. Nilimwambia, "Ni jina tu, litapita." Ndivyo mama wanavyosema wakiwa wamechoka.

Siku moja, tukiwa tunachambua maharagwe, akaniuliza, "Mama, Komanda anaendaga wapi kisha kuweka bunduki chini?"

"Anaimba na wengine."

"Hapana. Wanaimba wao. Mi nabakia tu pale pembeni, mwalimu hakuniambia nifanye nini."

Basi hayo yote ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pamoja na beseni, siku ile ya bariyeri.

Nilimkuta mwalimu anakusanya chaki. Nilimweleza: saluti, mkono uliobonyezwa, sanduku. Nilizungumza taratibu, kwa sababu mtoto alikuwa hapo.

Aliweka mkono mdomoni. "Yesu. Pole, Mama."

"Pole naichukua. Sasa nani mwingine atashika ile bunduki?"

"Mama, anachezaga muzuri kabisa. Wageni bengine watakuja mwezi kesho, na..."

"Anacheza muzuri kwa sababu aliona. Nani mwingine?"

Akakaa kwenye benchi. "Hakuna mwingine. Niliuliza wazazi. Ule wa duka alisema mwana wake hatashika bunduki hata ya mti. Mama wa kwaya alisema vile vile. Muchungaji alisema njo mukosi. Wote walikataa."

"Na mimi nilikataa?"

"Weye hukukuwa mu mukutano."

"Niliitwa?"

Akatazama chaki zake. "Bakimbizi habako mu komite, Mama. Unajua vile."

Kwa hiyo walijua. Hapo ndipo nilipoona vizuri. Kila mzazi wa hapa alijua kabisa kwamba bunduki ya mbao si mbao. Alijua kwamba jina la namna hiyo linatembea lenyewe, linafika bariyeri kabla ya mtoto. Walijua vizuri sana, wakaokoa wana wao, na jina likampata asiyekuwa na mtu wa kumsemea kwenye mkutano. Halafu wakamwimbia haki ya jina.

Mkuu wa shule alitoka kwenye hema la pili, akasimama na mikono nyuma. "Mama wa Pinga, kuna shida gani?"

"Papa Direkteri, shida njo mutoto wangu kuitwa Komanda."

"Ah, ile ni batoto tu. Na mimi mu primaire waliniitaga Kiboko."

"Na kuna kiboko ilitoka mu maji kukushika mukono ku barabara?"

Mwalimu akainamisha kichwa, nadhani alitaka kucheka na akaogopa. Mkuu hakucheka. Akasema wageni wanaleta madaftari na plastiki mpya ya paa. Akasema nikimtoa mtoto, mchezo umekufa. Nikiua mchezo, watoto wote watanyeshewa, na lawama itakuwa juu yangu. "Unataka kuvunja amani?" akaniuliza. Kweli aliuliza hivyo, mtu mzima, amevaa tai.

Nikamwambia, "Papa, amani yenu inataka mutoto moja wa kuogopwa. Mutafute mukubwa. Weye uko na sauti muzuri."

Nikachukua beseni langu.

Nimefikiri sana juu ya wale walimu wa dunia. Siwachukii. Labda huko kwao bunduki ya mbao ni mbao, mtoto anaitupa na kwenda kula. Waliketi, wakatunga, wakatuma kwa moyo safi, na moyo safi ulipofika Masisi ulipita kwenye mkutano wa wazazi kama kila kitu kingine. Ningewaambia hivi, kama kungekuwa na mkalimani wa kuaminika: mkija kuona mchezo, msilie kwanza. Ulizeni nani alikataa kuigiza komanda. Ulizeni huyu mtoto anaitwa nani, muulizeni yeye, na mkuu wa shule anyamaze. Muulizeni mwalimu kama amekula. Mtu anayefundisha amani na tumbo tupu atachukua njia fupi, na njia fupi ni mtoto wa mkimbizi. Mimi nilisoma ualimu. Walitufundisha kuita kila mtoto kwa jina lake, hilo lilikuwa somo la kwanza, kabla ya chaki.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya elimu na malalamiko yangu kwenye karatasi. Karani alisoma mistari miwili akarudisha karatasi.

"Mama, andika mu Kifaransa. Bakubwa banasomaga Kifaransa."

"Kifaransa najua. Mutoto wangu wanamwita Komanda mu Kiswahili. Na yule wa bariyeri aliuliza mu Kiswahili."

Alinitazama, akamtazama mtoto aliyesimama kando yangu na shati la shule. "Weye njo Komanda?" akamuuliza.

Mtoto akataja jina lake. Polepole, lote, pamoja na la babu. Karani akagonga muhuri. Nilichoandika ni hiki, nimeondoa majina tu:

*Malalamiko kuhusu usalama wa mwanafunzi.*

*Mimi ni mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu ambaye jina lake kamili liko juu ya karatasi hii. Ninalalamika kwamba shule ilimpa mwanangu nafasi ya komanda katika mchezo wa amani bila kuniuliza, baada ya wazazi wengine kuulizwa na kukataa. Ilimfundisha saluti. Ilimwacha aitwe Komanda darasani na barabarani, na mwalimu na mkuu wa shule wakisikia. Kwa sababu ya jina hilo, mtu mwenye silaha alimsimamisha, akampima mkono, akasema mwaka kesho atafaa kubeba sanduku la risasi.*

*Ninaomba bunduki ya mbao ivunjwe mbele ya wanafunzi wote. Ninaomba mtoto yeyote asiigize tena mwenye silaha. Kama mchezo lazima uendelee, bunduki ishikwe na mtu mzima wa komite. Ninaomba wazazi waliokimbia wawe na viti katika komite hiyo. Ninaomba mwalimu amwite mwanangu kwa jina lake mbele ya darasa, na darasa limwitikie.*

*Simtoi shuleni. Ana haki ya shule kama wengine. Kila asubuhi nitamsindikiza, nitapita naye bariyeri, na mtu yeyote akiuliza huyu ni nani nitajibu mimi. Ninangoja jibu lenu kwa maandishi.*